Kipandikizi kinaisha Agosti, na mama bado hajafikiwa

MamaWawili_Kayole aliuliza:

Habari zenu wote. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu. Swali langu ni moja, ila limeshikana na mengine.

Nina miaka 34, nimeolewa, tunakaa Kayole. Watoto wangu ni wawili, kijana wa miaka 9 na msichana wa miaka 4. Kazi yangu ni kuuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba. Mkononi nina kipandikizi cha kupanga uzazi cha miaka 3 nilichowekewa tarehe 19 Agosti 2022, kwa hivyo mwezi ujao muda wake unakwisha. Mume wangu amesema tuamue pamoja na hataki kunisukuma. Anayenisukuma ni mama yangu mzazi, tena hasemi neno. Ananyamaza tu.

Watu wa kwetu Murang'a wameshanielewa. Wengine niwaeleze: kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake mume, wa pili la babake mke. Msichana wa kwanza huitwa mamake mume, wa pili mamake mke. Ukizaa mvulana mmoja na msichana mmoja ukakomea hapo, wazazi wa mume wamepata majina yao na wako wewe hawajafikiwa. Mama alituzaa 6, wasichana 5 na kaka yetu kitinda mimba. Dada yangu mkubwa ana wavulana watatu, wa pili ana mmoja mmoja kama mimi, wa tatu ana binti mmoja, wa nne yuko Doha kikazi na hajazaa. Kaka hajaoa. Kwa hivyo baba amefikiwa mara moja kwa dada mkubwa, lakini hakuna msichana hata mmoja duniani anayeitwa kwa jina la mama yangu. Nikienda nyumbani anambeba binti yangu, anamwita kwa jina la mama mkwe wangu, kisha anakaa kimya. Kile kimya nakijua.

Cucu yangu, mamake mama, alizaa 10. Watatu alizika kabla hawajaenda shule. Mama alizaa 6, wote tuko hai. Mimi wawili. Sijui kama ni mimi niliyechagua wawili. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili, karo ya akademi muhula baada ya muhula, na mtu wa kunishikia mtoto nikiwa sokoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri: nikishazipiga hesabu hizo tatu, mtoto wa tatu hana mahali pa kukaa. Kila mtu ananiambia "siku hizi ni wawili, watatu", kama vile ni mtindo wa nguo.

Lakini sokoni naona kitu kingine. Wateja wangu wengi wa Donholm na Umoja huchukua sweta moja, wakaigeuza ndani nje, wakatafuta kamera kabisa, ile nguo ya kwanza kwenye beli, kwa sababu ni ya mtoto mmoja na wanataka imtoe vizuri. Halafu kuna mama mmoja Msomali anayetoka Eastleigh karibu kila mwezi. Huyo hununua sweta 7 kwa mpigo. Anazipanga juu ya meza yangu kuanzia ndogo mpaka kubwa kama ngazi, anazipima kwa kiganja mabegani, shubiri moja, shubiri na vidole viwili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Ikikosekana ngazi moja katikati ananingoja nitafute. Namtazama nikijiuliza: mimi na yeye tuko mji mmoja, tunapanda matatu zilezile, iweje?

Basi swali langu. Ni nini kilichotokea kati ya cucu na mimi, hata kumi wakawa wawili kwa vizazi viwili tu? Na kwa nini hakikutokea kwa kila mwanamke wa Kenya? Nikilielewa hilo nadhani nitajua la kufanya tarehe 19.

---

Nesi_Mstaafu_Buruburu alijibu:

Mwanangu, asante kwa kuuliza vizuri. Nilianza kazi ya kliniki ya akina mama na watoto hapa Eastlands mwaka 1981 nikastaafu 2016, kwa hivyo hiyo safari ya kutoka kwa cucu yako hadi kwako niliiona ikipita mbele ya meza yangu.

Watu hudhani kupanga uzazi kulikuja juzi. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara. Lakini mpango ulikuwa kwenye karatasi na watu walikuwa kwingine. Utafiti wa 1977/78 ulikuta mwanamke Mkenya anazaa kwa wastani watoto 8.1. Tulitajwa dunia nzima. Kati ya walioolewa, waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga walikuwa kama 7 tu kwa kila 100. Mimi naingia kazini miaka michache baadaye, nakaa na dawa kabatini, wanaokuja unawahesabu kwa vidole.

Halafu ikaanguka, tena kwa kasi. 1989 ilikuwa 6.7. 1993 ikawa 5.4. 1998 ikawa 4.7. Watoto wawili mzima wametoka kwenye wastani kwa miaka tisa! Wengine husema ni sisi manesi na matangazo ya redio. Nakubali tulichangia, lakini kilichowaleta kwangu nilikisikia kwa masikio yangu. Walisema shamba limegawanywa mpaka limekuwa kitanda. Walisema karo. Mwishoni mwa miaka ya themanini wazazi walianza kubebeshwa gharama nyingi za shule, hospitali za serikali nazo zikaanza kutoza, na mama aliyekuwa akijivunia 8 akaanza kuwaona 8 kama karo 8. Na jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha: watoto waliacha kufa. Cucu yako hakuzaa 10 kwa kutojua. Alizaa akijua kwamba wengine hawatabaki. Mama akishaona chanjo inafanya kazi, surua inapita mtaani na wake wamepona, anakuja mwenyewe kuniambia "sista, hawa wanatosha".

Sasa nikwambie jambo la hao akina mama. Wengi walikuja kwa siri. Desturi ya kliniki nyingi wakati huo ilikuwa kumuuliza mwanamke kama mumewe amekubali, na pengine aje naye au alete barua. Mimi barua niliacha kuulizia baada ya mwaka mmoja. Nilikuwa na boksi la viatu kwenye droo yangu ya chini, lenye kadi za wanawake ambao hawangeweza kurudi nazo nyumbani. Kadi ilikaa kwangu. Mama anakuja siku ya soko, kikapu mkononi, anachomwa sindano yake ya miezi mitatu, ananunua nyanya, anarudi kwake na nyanya. Vidonge walificha kwenye mkebe wa unga. Kuna mmoja alikuja miaka 11 mfululizo na mumewe alikufa bila kujua.

Kisha tukakwama. 2003 wastani ulipanda kidogo, 4.9. Nakumbuka miaka hiyo vizuri kwa sababu mara nyingi nilikuwa namrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Pesa na nguvu zote zilikuwa zimeelekezwa kwa Ukimwi, na ilikuwa haki, watu walikuwa wanakufa, lakini sindano za kupanga zikawa zinaisha kliniki kabla ya mwezi kuisha. Mama akikosa sindano mara moja, mwaka unaofuata anakuja na mtoto mgongoni. Iliposhuka tena ilikuwa 4.6 mwaka 2008/09, 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. Vipandikizi kama chako vilichangia sana hapo mwishoni: walioolewa wanaovitumia walikuwa 10 kwa 100 mwaka 2014, na 19 mwaka 2022.

Kuhusu mkono wako: ukikitoa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, si kama sindano ambayo inaweza kukuchelewesha miezi kadhaa. Miaka 34 hujachelewa. Lakini usiseme "nitaona nikifika 40". Na kama uzazi wako wowote ulikuwa wa upasuaji, mwambie daktari mapema. Tarehe ikifika usikae nacho mkononi ukidhani bado kinakulinda. Ama urudishe kingine ama uwe umeamua.

---

Mkusanya_Takwimu alijibu:

Dada, mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana waliokwenda nyumba kwa nyumba katika ule utafiti wa afya wa 2022, Februari hadi Julai. Wanawake tuliowahoji nchi nzima walikuwa zaidi ya 32,000. Ya nyumba za watu siwezi kuyasema, tuliahidi kutunza siri, lakini namna hesabu inavyofanywa naweza kukueleza, kwa sababu watu wengi huisoma vibaya.

3.4 haimaanishi kwamba mama wa Kenya ana watoto watatu na nusu. Tunachukua wanawake wa miaka 15 hadi 49, tunawagawa kwa rika la miaka mitano mitano, tunaangalia kila rika lilizaa kiasi gani katika miaka 3 kabla ya mahojiano. Kisha tunasema: msichana akipita rika zote hizo akizaa kama wanavyozaa walio katika kila rika leo, atamaliza na wangapi? Jibu ndilo hilo. Cucu yako akiwa hai hayumo, wala mama yako hayumo. Umo wewe na binti wa miaka 16 wa Samburu.

Na huko ndiko jibu la swali lako la pili liliko. Nairobi ni 2.5, ya chini kuliko kaunti zote. Mandera ni 7.7. Mandera ya 2022 iko karibu na Kenya ya 1978, dada. Pokot Magharibi ni 6.9. Mijini kwa jumla 2.8, vijijini 3.9. Lakini kinachotenganisha kuliko mji na kijiji ni kisomo: asiyesoma kabisa 6.3, aliyepita sekondari 2.8. Hata mimba za wasichana zimefuata mkondo huo. Kati ya walio na miaka 15 hadi 19, waliowahi kushika mimba ni 15 kwa 100 nchini, lakini Samburu ni 50, na Nyeri na Nyandarua ni 5.

Kuna sehemu ya mahojiano ambayo hata leo hainitoki. Unamwuliza mama watoto wote aliowazaa, mmoja mmoja, na wale waliofariki. Kwenye fomu ni mistari tu. Kule nilikofanya kazi mbali na Nairobi, mama mzima wa miaka 45 angeanza kutaja haraka haraka, kisha akifika mstari fulani anasimama, anafuta mkono kwa leso, anataja jina na kusema lilikaa siku ngapi. Nilifundishwa ningoje. Nilingoja. Usiku nikijumlisha kurasa naona zile nyumba zenye watoto wengi ndizo zile zenye mistari hiyo mingi. Mwaka 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 hawakufika miaka mitano. 2022 walikuwa 41. Hiyo ni nusu ya maelezo ya nesi, na mimi niliishika kwa kalamu.

---

Fundi_wa_Kariobangi alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi ni baba wa watoto watano, fundi wa gereji, nyumbani ni Vihiga. Nawaheshimu sana hao mama wawili waliojibu, lakini kuna upande haujasemwa.

Sisi tulizaliwa 9 kwenye shamba dogo, na Vihiga mnaijua ilivyobanana. Baba hakuwa na karo ya 9. Alikuwa na ya mmoja. Alimsomesha kaka mkubwa, kaka akapata kazi ya reli akamvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu, hivyo hivyo hadi kwangu niliye wa saba. Nilisoma kwa mshahara wa dada yangu aliyekuwa mwalimu. Leo mama yetu ni mgonjwa wa figo na tunachanga watu 9. Nikijiuliza mwenye watoto wawili atachangiwa na nani akiwa na miaka 75, na wengi wetu tunaofanya jua kali hatuna pensheni ya maana, naona giza. Watu wanazaa wengi kwa sababu watoto ndio bima waliyowahi kuiona ikilipa.

Dada wa Kayole, wa tatu hatakuua. Mpe mama yako jina lake.

---

PipelineBedsita alijibu:

Mzee, nakuheshimu, ila nina miaka 26, sina mtoto, na mshahara wangu unaisha tarehe 12. Dada yako mwalimu alipata kazi alipomaliza chuo. Mimi nilimaliza 2021 na bado nasubiri kumvuta mdogo wangu. Mnyororo wenu ulishikwa na kazi, na kazi ndiyo haipo. Sikatai watoto. Nasema tu kwamba kwetu hatujafika hata kwenye swali la wa tatu.

---

Ukhti_Eastleigh alijibu:

Assalamu alaikum, dada yangu. Umeandika kwa heshima nami nitakujibu kwa heshima. Pengine huyo mama wa sweta saba si mimi, ila mimi pia hununua nguo Gikomba kwa kuzipanga hivyo hivyo, na nataka ujue kilichomo kwenye ngazi yangu.

Mimi nimezaa wanne. Sweta ninazonunua ni saba. Tatu ni za watoto wa dada yangu wa Mandera, wanaoishi kwangu Eastleigh ili wasome. Karibu kila nyumba ya jengo letu ina watoto wa hivyo. Ukitazama mezani unaona mama mmoja amezaa saba, kumbe ni akina mama wawili, mmoja yuko hapa na mwingine yuko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Nimesoma hadi kidato cha nne hapa Nairobi, na nina wanne. Dada yangu aliolewa na miaka 16, hakumaliza darasa la tano, naye ana wanane walio hai. Baba mmoja, mama mmoja, dini moja. Kwa hivyo mtu akiniambia ni kabila au ni dini, namwambia atutazame sisi wawili.

Mtakwimu ametaja 7.7 yetu, ni kweli. Aongeze na hii: Mandera wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni 2 kwa 100, Embu ni 75. Watu husikia wakasema tumekataa. Baadhi wamekataa, sitaficha. Wapo wanaume wanaosema ni haramu, na wapo masheikh wanaowajibu kwamba kupisha mtoto na mtoto hakuna ubaya, kwa sababu Qurani yenyewe imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili. Mama yangu alitupisha kwa njia hiyo, kwa ziwa. Lakini mwulize dada yangu kliniki iliyo karibu iko umbali gani na mifugo ikihama. Mwulize kama mle ndani kuna mwanamke anayejua Kisomali. Na kile kiangazi kirefu kilichoanza 2020 kiliwaachia mbuzi 6 kati ya 70. Mvulana wake wa tatu ndiye aliyebaki na hao mbuzi, wa kwanza na wa pili walikwenda kutafuta maji na kazi. Nyumba ya mjini mtoto ni karo. Nyumba ya dada yangu mtoto wa miaka 8 ni mikono.

Nilimwuliza mwaka jana alipokuja kuwaona watoto: ungependa wangapi? Akacheka akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha usiku, watoto wamelala, akaniambia, "Watano wangenitosha." Binti yake mkubwa aliye kwangu yuko kidato cha pili sasa. Anataka kuwa daktari wa meno. Nitazidi kumnunulia sweta.

---

MamaWawili_Kayole alijibu:

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja. Ukhti, nisamehe. Nimekuwa nikihesabu sweta nikidhani nahesabu tumbo la mtu. Ukija sokoni uliza kwa mama wa nguo za watoto aliye karibu na washona viatu, nitakutolea kamera za binti wa kidato cha pili nisikutoze.

Fundi, maneno yako yalinikaa, kwa sababu mimi pia dada mkubwa ndiye aliyenilipia sekondari. Siwezi kusema umekosea. Nasema tu kwamba sitaki kumzaa mtoto nikishampangia kazi ya kunichangia. Na Pipeline, Mungu akufungulie.

Lakini ni nesi aliyenitoa usingizi, na lile boksi lake la viatu. Nilikaa nikiwaza: mama alimzaa kaka yetu 1994 akiwa na miaka 36. Cucu alizaa hadi akiwa na miaka 43. Mama alikoma vipi? Sijawahi kujiuliza. Nilidhani watoto waliisha tu, kama unga.

Jumapili nikampigia. Nilimwuliza moja kwa moja, kwa Kikuyu, kitu ambacho sikuwahi kudhani naweza kumwuliza mama. Alinyamaza, nikajua ni kile kimya, nikataka kubadilisha maneno. Kisha akaniambia.

Alikwenda mjini Murang'a na gunia la parachichi, kaka akiwa na miezi minne mgongoni. Baba alijua anakwenda kuuza. Aliuza kweli, kisha akaenda kliniki akawekewa koili ya kuzuia mimba. Alirudi na pesa za parachichi na mkate wa baba. Hakumwambia hata siku moja mpaka baba alipofariki 2011. Baba alikuwa akingoja mvulana wa pili. Si kwa ajili yake yeye, yeye jina la babake lilikuwa limeshatoka kwa kaka. Alikuwa akingoja kwa ajili ya mama, ili guka, babake mama, apate jina kwetu. Kila mwaka alikuwa akimwambia, "Tumletee mzee wako jina." Na mama alikuwa na koili.

Kwa hivyo guka hakufikiwa na sisi. Alikufa 2002 na mama akiwa ndiye aliyemwogesha na kumlisha miezi yote ya ugonjwa. Ananiambia guka alimwuliza mara moja tu, "Na mimi?", akamjibu kwamba Mungu hakuleta. Ndilo jambo ambalo mama amelibeba. Kile kimya chake anapombeba binti yangu, nilidhani ananidai. Anasema hapana, huwa anamkumbuka babake.

Nikamwuliza kwa nini basi alikoma. Akasema kaka alipozaliwa alitokwa na damu hadi wakamletea nguo za kuzikwa, halafu akaamka akatukuta sisi watano tumekaa mlangoni kwa mstari, mkubwa amenibeba mimi.

Hatukulia kwenye simu. Aliniuliza kipandikizi kinaisha lini. Nikamwambia tarehe 19. Akasema atapanda gari la asubuhi tarehe 18 alale kwangu, twende naye kliniki. Hakusema twende kufanya nini, nami sikumwuliza. Amesema atakuja na parachichi.